Sauti ya Kumi na Tatu

Kwaya ya kijiji cha Gare ilikuwa na waimbaji kumi na wawili, lakini siku ile, kwenye studio ya Kornelio pale Lushoto mjini, kompyuta ilirekodi sauti kumi na tatu.

Ilikuwa mwaka 1999. Kornelio alikuwa amenunua kompyuta iliyotumika, yenye diski ndogo, kwa hiyo alizoea kurekodi kwa ubora wa chini: biti nane, sampuli elfu ishirini na mbili kwa sekunde. Faili hazikujaza diski, ila nyimbo zilitoka na mchakacho kama mvua juu ya bati.

"Kaka Kornelio, mbona tunasikika kama tumo ndani ya debe?" alilalamika Efrazia, kiongozi wa kwaya.

Basi akapandisha: biti kumi na sita, sampuli elfu arobaini na nne. Wakaimba upya, kisha wakasogea kwenye spika kusikiliza. Mchakacho ulikuwa umekwisha, hata pumzi zilisikika. Ubeti wa mwisho ulipomalizika, mwanamke mmoja akaendelea kuimba peke yake.

Chumba kikanuka majani yaliyooza.

"Nani huyo?" Efrazia alinong'ona.

"Sijui, dada. Labda mashine."

Mwanamke akaacha wimbo, akaanza kuwataja majina, mmoja mmoja, kwa Kishambaa cha zamani, akifuata walivyosimama sasa hivi wala si walivyosimama wakati wa kurekodi, na kila jina likatoka karibu zaidi kuliko lililotangulia, hata aliyetajwa mwisho, Efrazia mwenyewe, akashika shingo akisema amepuliziwa baridi.

Kornelio akaigeuza rekodi kuwa ya biti nane. Mchakacho ukarudi, sauti ikapotea.

"Hajaondoka," Efrazia alisema. "Umemfunika tu."

Wakamwita Shehe Selemani, aliyejulikana pale mjini kwa kufukuza mapepo. Wakamwamkia, akaitikia kwa kichwa tu, akaanza kusoma dua. Alisoma saa nzima, jasho likimtiririka, ukungu ukiwa umeziba mlango mchana kweupe, mpaka kitu kizito kikakimbia juu ya bati kuelekea msitu wa mlimani na ile harufu ikakatika.

"Futa," akaamuru.

Kornelio akafuta. Kisha akarekodi chumba kitupu kwa biti kumi na sita, wakasikiliza. Kimya. Wakakumbatiana, wengine wakilia.

Akazima kompyuta, akachomoa waya ukutani. Efrazia alikuwa mlangoni anajifunga khanga, mara akageukia msituni, uso umemlainika kama mtoto aliyesikia mama yake.

"Abee," akaitika.