Mtandio wa Chuma

Mvua ilipopiga kituo cha mabasi, kila mtu alijibanza chini ya paa bovu, isipokuwa kijana mmoja. Alisimama nje na ndoo akikinga maji ya paa, shati jeupe limemganda mgongoni.

"Kaka, nyumbani kwenu hamna bafu?" msichana mmoja alimuuliza. Alivaa ovaroli ya buluu na kitambaa cha njano kichwani, spana mkononi.

"Napima, dada. Maji yote haya yanaishia mtaroni, na watu hapa wana kiu. Nataka kutengeneza sanamu ya mwanamke anayeyakinga."

"Kwa ndoo?"

"Kwa mtandio wake."

"Mtandio wenyewe utavuja kama huna fundi bomba."

"Mbona nimeshampata?"

Hivyo ndivyo Msanii na Fundi walivyoanza. Jiji liliwapa kibali na kona moja ya kituo. Msanii alichomelea mwanamke mrefu wa chuma aliyetandaza mtandio, kivuli kiwatoshe abiria. Fundi alipanga njia ya maji: yaangukie mtandioni, yashuke ndani ya mkono hadi kwenye tangi lililofichwa kwenye sketi, yachujwe, yatoke kwenye mabomba matatu ya pindo.

"Mama mkwe ana nyonga!" Fundi alitania, akiigonga sketi ya sanamu.

"Ni tangi hilo, mpenzi. Usimseme mama wa watu."

Kisha Fundi akapata kazi katika mji wa mbali. Mchana mmoja, nguo zake zikiwa nusu sandukuni, alipiga simu. Mama yake alikuwa ameketi pembeni, anatabasamu, kwani alishaambiwa. Upande wa pili, msumeno wa chuma ulikuwa unalia.

"Mpenzi, tufunge kabla sijaondoka."

"Unasemaje?"

"Nasema tufunge! Wiki hii hii."

Msanii alitazama mabomba matatu yaliyolala sakafuni. Akamwonea huruma. Ana mizigo ya kupanga, na bado anawaza kazi!

"Usijisumbue, roho yangu. Wewe nenda tu. Nitafunga na mwingine."

"Na mwingine?"

"Wamejaa mjini! Tena wasio na maneno mengi kama wewe."

Alicheka, akangoja arudishiwe utani. Simu ilikuwa imekatika.

Fundi alisafiri bila kuaga, na laini yake akaitupa. Msanii alipiga simu mpaka akachoka kuambiwa namba haipatikani. Aliamini amemkosea kwa kutaka kumpa mtu mwingine kazi yake. Basi akawakataa mafundi wote, akafunga mabomba kwa mikono yake. Mawili yalikaa sawa. La tatu lilivuja.

Misimu ya mvua ikapita. Kituoni watu walikunywa, walijaza chupa, walipumzika kivulini. Jumamosi moja Msanii alikuwa akifuta kutu kwenye pindo aliposikia sauti nyuma yake.

"Mbona hili linavuja?"

Hakugeuka haraka. Sauti hiyo aliijua.

"Nililifunga mwenyewe."

"Kwani mwingine hukumpata?"

"Sikutaka mtu aguse kazi yako. Lakini na wewe! Kukasirika vile, mpaka kutupa laini, kwa sababu ya bomba?"

Fundi alikuwa amevaa gauni la kijani. Mkoba ulimteleza begani.

"Bomba gani?" aliuliza taratibu. "Mimi nilimaanisha ndoa."

Tone likaanguka, na jingine.

"Siku ile msumeno..." Msanii alianza.

"Niliusikia. Nikadhani na wewe umenisikia."

Akachutama, akatoa spana mkobani, maana hakuwahi kuacha kutembea nayo. Mkono wa kushoto ulilishika bomba, wa kulia ukakaza. Hapo ndipo Msanii alipoiona pete.

Matone yakakoma.

"Umefunga?" Msanii aliuliza.

Fundi aliinuka, akajifuta macho kwa kiganja.

"Nimefunga."

Hawakuulizana ni kipi.

Basi lake likapiga honi, Fundi akapanda, na papo hapo mvua ikashuka. Abiria walikimbilia chini ya mtandio, kukawa na nafasi kwa wote. Msanii peke yake alibaki nje, akilitazama basi, shati limemganda.

Dirisha likafunguka.

"Kaka!" Fundi aliita, akijitahidi kucheka. "Nyumbani kwenu hamna bafu?"