Jino Lililopigwa Msasa

Mchana, karakana ya fundi seremala ilikuwa kama imesinzia. Jua lilipenya kwenye matundu ya bati, na vumbi la mbao likaelea katika mwanga huo polepole, kama halina haraka ya kufika chini. Mkewe alikaa kwenye benchi na kikombe cha chai ya rangi, akisikiliza randa. Shwaa. Shwaa. Maranda yakajikunja miguuni pake, na mawazo yake yakajikunja nayo.

Alikuwa akiwaza jino. Utotoni alianguka, jino la mbele likakatika nusu. Miaka minne iliyopita, kabla ya harusi, daktari wa meno alilijazia kipande cheupe, hata ukitazama hujui. Sasa kipande hicho kilikuwa na rangi ya chai. Akawa hacheki tena. Kicheko kikimjia, anafumba mdomo na kugeukia ukutani.

Fundi alidhani amemkosea. Alijipekua moyoni, hakuona kosa. Siku hiyo uvumilivu ukamwisha.

"Bibie, mimi nilioa kicheko. Kimeenda wapi?"

Mke akafungua mdomo, akamwonyesha. Fundi akashusha pumzi. Kumbe ni doa tu. Akasema mbao ikichafuka, dawa yake msasa, na jino halina ujanja kuliko mbao. Akachagua msasa laini kuliko yote, akakata kipande kidogo kama ukucha, akasugua taratibu, ulimi umemtoka pembeni kama anachonga kitanda cha mfalme.

Jino likang'aa. Mke akacheka siku nzima. Alipolala usiku akaota yumo katika nyumba yenye kuta nyeupe, na kila dirisha linacheka naye. Lakini siku ya nne doa lilirudi, tena jeusi zaidi. Fundi akaufuata msasa. Mke akamshika mkono.

"Ukiendelea hivi, utabaki na mke mwenye pengo."

Wakaenda kwa jirani yao anayefanya kazi kliniki ya meno. Mtaa mzima humwita Dada Meno. Aliposikia habari za msasa aliinama, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alipopata sauti, akauliza:

"Shemeji, ukiipiga mbao msasa, ukaiacha bila vanishi, kisha ukaimwagia chai, inakuwaje?"

"Inakunywa," fundi akajibu. Kisha sauti ikashuka. "Inakunywa yote."

"Basi ndivyo ulivyomfanya dada yangu."

Akawaeleza kwamba kile kipande si jino. Dawa za kung'arisha meno hubadili jino lenyewe; kipande hubaki vilevile. Mkaa na majivu ya kusugulia meno hukiparuza, na ndimu hula jino. Chai, kahawa na tumbaku huacha rangi, hivyo ni vizuri kusukutua kwa maji baada ya kunywa, na kutumia mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala. Tena doa la ukingoni mwa kipande huenda ni jino linaoza. Wa kulikagua ni daktari, si mchonga vitanda.

Kesho yake kliniki, daktari alilikagua jino. Halikuwa limeoza. Pale palipokwaruzika sana alipakwangua kidogo na kupajaza upya, kisha akapasugua kwa kimashine kinachonguruma kama nyuki wa mbali. Mke akafumba macho, akahisi anaelea.

"Kumbe na ninyi mna msasa," fundi akanung'unika.

Dada Meno, aliyekuwa ameshika taa, akamjibu: "Tunao, shemeji. Ila tunajua pa kuishia."

Miezi ikapita. Chai bado inanyweka, na maji ya kusukutulia yako karibu. Siku moja fundi alisimulia utani wake wa punda na shangazi, ambao haujawahi kumchekesha mtu. Mke akaangua kicheko, mdomo wazi, mpaka akashikilia benchi. Mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea, akauliza kutoka chumba kilicho nyuma ya karakana kuna nini huko.

"Hakuna kitu, mama," fundi akasema. Akaweka randa chini, ili asikilize vizuri.