Kona ya Nne

Mbao ndefu alizobeba Valerian begani ndizo zilizomchania Gladness gauni. Ilikuwa siku ya soko Mbuyuni, mjini Moshi, watu wamebanana kati ya mikungu ya ndizi na marobota ya mitumba. Valerian, aliyeomba njia kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia, aligeuka kumpisha mama mwenye tenga la parachichi. Ncha ya ubao ikanasa kwenye gauni la kitenge cha njano chenye maua ya bluu, na mkono wa gauni ukachanika hadi begani.

"Kaka," alisema mwenye gauni, "hizo mbao unampelekea mtu, au unatembea nazo tu kuchania watu nguo?"

Valerian alisema pole mara nyingi hadi yule dada akaanza kucheka. Alijieleza kwamba ni fundi fremu, ana kibanda Njoro, na gauni atalishughulikia. Gladness akasema gauni atalishona mwenyewe, kwani anauza vitenge na ana cherehani. Anachotaka ni fremu. Baba yake, mzee Yoramu wa Machame, ana picha moja tu anayoipenda, amesimama kwenye mibuni na kofia yake ya pama, na anaisimamisha juu ya redio, na kila siku inaanguka.

Wiki iliyofuata alileta picha ipimwe kisha airudishe kwa mzee, pamoja na ubao wa mringaringa, mti ulioangushwa na upepo kwenye kihamba, shamba lao la ukoo. Mzee mwenyewe ndiye aliyeuchagua. Valerian aliuweka juu ya dari ya kibanda. Ubao uliozoea ukungu wa Machame, alimwambia, ni lazima uzoee kwanza joto la Moshi, la sivyo kona zitaachia.

Gladness akawa anakuja mchana na mtori wa ndizi kwenye hotipoti, kuangalia kama ubao umezoea. Aliketi kwenye kigoda akauliza maswali. Valerian alimsimulia habari za mzee Sylvanus aliyemfundisha kazi, ambaye naye alijifunza kwenye karakana ya misheni. Enzi hizo fremu zilikuwa za watakatifu, kisha zikawa za maharusi na kipaimara, na fundi alichonga majani ya mzabibu kwa mkono pembeni mwa ubao. Baadaye zikaja fremu za plastiki zenye rangi ya dhahabu. Halafu zikaja simu.

"Siku hizi walio hai wanakaa kwenye simu," alisema. "Wanaoletwa kwangu ni marehemu."

"Ndiyo maana nataka ya baba itengenezwe akiwa anaiona."

Alimuuliza pia kona ipi ni ngumu. Valerian akasema ni ya nne. Kosa dogo la kona tatu za kwanza halionekani, linajikusanya tu, linakuja kutokea mwishoni.

"Basi mimi na wewe tuko kona ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Mwongo. Ya tatu."

Gladness alipokwenda Kariakoo kuchukua mzigo, walikuwa wamekubaliana kwamba Jumapili wapande Machame pamoja. Atampelekea baba fremu, na atampelekea fundi mwenyewe. Valerian hakulala vizuri kwa kulifikiria jambo hilo. Aliushusha ubao, akauranda, akaupiga msasa, akauacha tena. Aliogopa kuukosea.

Siku ambayo Gladness alikuwa njiani kurudi, mwanamume mrefu mwenye macho mekundu aliingia kibandani. Alisema anaitwa Ebenezeri, wana msiba, na nyumba imeshaanza kujaa watu. Anahitaji fremu aondoke nayo. Alifungua bahasha ya studio, akaweka picha kwenye meza ya kazi.

Mzee Yoramu, na kofia yake ya pama, alimtazama Valerian.

"Huyu ni baba yake Gladness," Valerian alisema polepole.

Ebenezeri alimwangalia, akaangalia mbao, akaelewa. "Kumbe ndiyo wewe. Baba alikuwa akisema Jumapili atamwona mwenye mbao." Akakaa kwenye kigoda. Alieleza kwamba mzee alikunywa chai ya asubuhi, akajilaza, hakuamka. Gladness hajaambiwa. Wazee wamesema asiambiwe barabarani, aambiwe akifika, akiwa na watu wa kumshika.

"Nakuomba, shemeji," alisema. "Usimwambie."

Hakuna mtu wa Machame aliyewahi kumwita Valerian jina hilo. Aliitikia kwa kichwa, akauchukua ule ubao wa mringaringa, akaupima, akaanza kukata. Kona ya kwanza ilikaa. Ya pili na ya tatu zikakaa. Ndipo simu ikaanza kutetemeka juu ya unga wa mbao. Asipoipokea, Gladness atashtuka. Aliipokea.

"Fundi wangu."

"Mpenzi. Mmefika wapi?"

"Tumepita Mombo. Kuna mtu kalala begani kwangu, ila usione wivu, ni bibi. Mbona sauti yako kama umemeza gundi?"

"Vumbi la mbao."

"Unakata ya baba?"

"Ndiyo."

"Kona ya ngapi?"

Valerian aliutazama msumeno. "Ya nne."

"Basi nisikusumbue. Ila baba hapatikani tangu asubuhi, na kaka naye ananikatia simu. Wewe kuna kitu umesikia?"

Ebenezeri alitikisa kichwa taratibu, akimsihi kwa macho.

"Labda chaji," Valerian alisema. "Umeme unasumbua huko juu."

"Haya. Jumapili vaa shati la bluu. Baba hapendi mashati yenye maandishi, atakuuliza kama wewe ni bango." Akacheka. Na Valerian, kwa kuogopa ukimya, akacheka naye kidogo.

Simu ilipokwisha akaukata ubao. Alipounganisha, kona ya nne iliachia nafasi ya unene wa ukucha. Alitaka kukata upya, lakini ubao ulikuwa umekwisha. Ebenezeri alisema hakuna atakayeangalia kona, akaikumbatia fremu, akaondoka.

Kesho yake Gladness alipiga. Hakulia. Alisema ameikuta picha mezani sebuleni, akaujua ubao kabla hajaitazama sura.

"Ulikuwa unakata fremu ya msiba wa baba yangu, ukacheka na mimi."

"Gladness, kaka yako..."

"Nilikuuliza wewe. Ukasema chaji."

Tangu hapo hakupokea simu. Valerian alikwenda mazikoni na shati la bluu, maana ndilo aliloagizwa. Alisimama nyuma ya watu, kwenye mibuni. Mjukuu alitangulia na picha mbele ya jeneza. Gladness, amevaa gauni jeusi na kujitanda khanga, aliliona lile shati, akageuza uso.

Baadaye Ebenezeri alimfuata. Alisema amemweleza dada yake kwamba kosa ni lake, lakini haikusaidia. "Anasema mimi ni kaka yake, atanisamehe kwa lazima. Wewe si lazima."

Maneno hayo alirudi nayo Njoro, na yakakaa naye. Kila simu ilipotetemeka aliikimbilia, kumbe ni mteja. Alipima mbao, akapima tena, akapima tena, na bado aliogopa kushusha msumeno. Aliwaza kwamba angesema kweli, angevunja agizo la familia iliyomwita shemeji. Hakusema, akampoteza aliyemfanya aitwe hivyo.

Matanga yalikuwa yamekwisha zamani alipomwona Gladness mlangoni. Amevaa gauni la njano, mkono umeshonwa kwa kipande cha kitenge kingine, na amebeba kitu ndani ya khanga. Hakusalimia. Aliifungua khanga mezani.

"Fremu yako imeachia kona."

"Najua."

"Mti haukukauka?"

"Ulikauka."

"Msumeno ulikuwa butu?"

"Hapana."

Gladness alipitisha ukucha kwenye ule upenyo. "Nimekaa nayo siku zote hizi. Naijua kazi yako, huwa haipitishi hata karatasi. Ulikuwa unakata saa ngapi hapa?"

"Ulikuwa umetoka kuniambia nivae shati la bluu."

Gladness aliketi kwenye kigoda.

"Nilisikia ukicheka," alisema.

"Nilicheka. Mkono ulikataa."

Valerian alisema anaweza kuziba kwa gundi na unga wa mbao, isionekane kabisa. Gladness akaivuta fremu kifuani.

"Usiizibe. Na unisikilize. Ukijua jambo langu, niambie. Hata nikiwa barabarani, hata wazee wakikataza. Nitalia hapo hapo kwenye basi, lakini niwe nimeambiwa na wewe."

Valerian alimfikiria Ebenezeri kwenye kigoda kile kile, na lile neno shemeji.

"Hata wazee wakikataza," alisema.

"Mama anauliza mwenye shati la bluu ni wa ukoo gani, na kwa nini alijificha kwenye mibuni. Nikamwambia Jumapili atamuuliza mwenyewe."

Valerian alishika msumeno ili apate cha kushika, akauweka tena chini. Gladness akaifunga picha ya baba yake ndani ya khanga, akaenda mlangoni.

"Usije na mbao begani," alisema. "Hili gauni nimelishona mara moja tu."