Pini ya Mashine ya Mtindi

Kitambaa cheupe kilikuwa kikavu. Hilo ndilo msichana alilolitambua kwanza, Jumatatu asubuhi, alipoingia jikoni mwa duka la shangazi yake kupanga vikombe kabla ya kwenda shule.

Siku zote kitambaa kile, kilichotandazwa kando ya sinki, kilikuwa na alama tisa za duara zenye unyevu. Zilikuwa alama za pete za mpira zinazozuia mtindi usivuje ndani ya mashine. Kila duka lilipofungwa, Fundi, mtunza mashine wa duka, aliifungua mashine, akazichomoa pete, akaziosha kwa sabuni na maji ya moto, akazianika pale. Asubuhi alizirudisha, na alama zikabaki. Jumatatu hapakuwa na alama hata moja. Jumanne pia hapakuwa na kitu. Jumatano kitambaa kilikuwa kimekunjwa kona kwa kona, na kimeanza kushika vumbi.

Msichana hakusema neno. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na darasani walimwita Kimya, kwa sababu hata alipolijua jibu alilimeza.

Duka la shangazi liliuza mtindi wa barafu, ule unaogandishwa huku mashine ikiupuliza hewa mpaka unakuwa laini kama povu. Miaka miwili iliyopita lilikuwa peke yake. Sasa mtaa huohuo ulikuwa na maduka matatu ya namna hiyo, na yote yalijaa. Watu walipenda kujihudumia. Unachukua kikombe, unavuta mpini, mtindi unashuka ukijizungusha, unaongeza matunda na karanga, kisha unapima kwenye mizani na kulipa.

"Unajua kwa nini vikombe vyetu ni vikubwa?" shangazi aliwahi kumuuliza huku akicheka. "Mtu akiweka kidogo, kikombe kinamtazama kama hakijashiba. Anaona haya, anaongeza. Akimaliza anamwaga karanga, na karanga ndizo zenye uzito. Hiyo ndiyo biashara, mwanangu."

Lakini tangu duka jipya la pale kwenye kona lifunguliwe, lenye taa za rangi na viti vya kuzunguka, shangazi alicheka mara chache. Duka la kona lilichelewa kufunga, naye akaamua kuchelewa vilevile. Saa nzima ya kuosha mashine ikakosa nafasi.

Alhamisi msichana alijikaza, akamwendea Fundi. Alikuwa mtu mzima mwenye utani mwingi, aliyetengeneza majokofu tangu ujana wake.

"Fundi, pete hazioshwi?"

"Ala! Kimya ana ulimi!" Fundi alijifanya anataka kuanguka. "Zitaoshwa Jumapili. Usiumize kichwa, binti. Ile baridi ya mle ndani hakuna mdudu wa kuistahimili. Inaua kila kitu."

"Mwalimu wa sayansi alisema baridi haiui. Inavilaza tu vijidudu."

"Basi acha vilale. Vina haki ya kupumzika." Fundi akacheka mpaka akakohoa.

Msichana akarudi kwenye vikombe vyake.

Jumamosi ilikuwa siku ya fainali ya netiboli ya shule. Shangazi alikuwa ameahidi kwamba timu ikishinda, wachezaji na washangiliaji wao watakuja kula dukani kwake kwa nusu bei. Saa tano asubuhi zikasikika nyimbo kutoka barabarani. Timu imeshinda! Wanafunzi zaidi ya arobaini walijipanga nje, jasho likiwatiririka. Mbele yao alisimama kepteni, ambaye alikaa dawati moja na msichana, ameshika kombe kama mtoto mchanga.

"Tayari?" shangazi aliuliza, uso ukimng'aa. "Watu wa kona watatukoma leo!"

Msichana alikuwa akifuta mashine. Kitambaa chake kilipita chini ya mpini wa katikati, akasikia harufu. Ilikuwa chachu ya kukirihi, si ile ya mtindi mzuri. Aliinama akachungulia. Kwenye ukingo wa bomba palikuwa na utando wa kijivu, mwembamba kama ute wa konokono.

Mipini mitatu ya mashine ile ilishikiliwa na pini moja ndefu ya chuma. Bila pini, hakuna mpini uliofanya kazi. Msichana aliikamata, akaivuta, ikatoka. Akaificha mgongoni.

"Wewe! Unafanya nini?" Fundi aling'aka.

"Hawali."

"Nani hawali?"

"Hawa wote. Hawali mpaka mashine ioshwe."

Shangazi aliweka vikombe chini taratibu.

"Mwanangu, lete pini."

"Sileti, shangazi."

"Nimesema lete! Unataka kuniaibisha mbele ya watu?"

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mashine. "Nipige ukitaka. Nifukuze. Pini sitoi. Fungua uone mwenyewe."

"Kimya, leo umekuwa askari?" kepteni alipaza sauti kutoka mlangoni. Wenzake wakaangua kicheko. "Tuna njaa, bwana! Au twende kona?"

"Nendeni!" msichana alimjibu. Hakujua kama sauti ile kubwa ilikuwa yake. "Afadhali muende!"

Badala ya kumnyang'anya pini, shangazi alivua bangili, akakunja mikono ya gauni, akafungua uso wa mashine kwa mikono yake mwenyewe. Alichomoa pete ya kwanza. Upande wa ndani ulikuwa na utando mzito wa kijivu. Akainusa, akageuza uso. Akampa Fundi.

Fundi aliinusa. Safari hii hakuwa na utani. "Mimi nilidhani baridi..." alisema, akaishia hapo.

"Na mimi nilikubali, kwa sababu nilitaka kusikia hivyo," shangazi alisema.

Walimwaga mtindi wote uliokuwa ndani ya mashine, ndoo mbili tele. Shangazi alitoka nje, akasimama mbele ya foleni.

"Wanangu, mashine yangu ni chafu," alisema bila kuzunguka. "Leo siuzi. Njooni kesho, mtakula bure. Na kama kuna aliyekula hapa wiki hii akaumwa tumbo, aniambie, nitampeleka zahanati mwenyewe."

Baadhi waliguna, wakaelekea kona. Wengine walikaa ukingoni mwa barabara. Shangazi alirudi ndani, akamkuta msichana bado ameikumbatia pini.

"Sasa unaweza kuitoa," alimwambia kwa upole. "Sikiliza, na Fundi asikie. Watu wanapanga foleni hapa kwa sababu wanatuamini kwa kitu wasichokiona. Wanaona mtindi mweupe, hawaoni pete. Sehemu wasiyoiona ndiyo inayotakiwa kuwa safi kuliko zote. Na anayeona kasoro aseme siku hiyohiyo, hata kama wa kuambiwa ni mkubwa wake. Leo umenikaidi, na umefanya vema."

Fundi alikuwa ameshatia maji ya moto kwenye beseni. Pete tisa zikazama moja moja.

Msichana hakusubiri kusifiwa tena. Alitoka nje. Kepteni alikuwa bado amekaa, kombe mapajani, amenuna.

"Umekuja kunifukuza tena?"

Msichana alikaa kando yake. Kulikuwa na jambo alilolibeba tangu mwanzo wa wiki, nalo lilikuwa zito kuliko pini.

"Kila jioni shangazi hunipa kikombe changu," alisema. "Tangu Jumatatu nimekuwa nikikimwaga kwenye sinki. Alhamisi ulikula hapa, mimi nikiwa mezani nakutazama. Nilijua, na sikukwambia."