Duara la Kumi na Saba

Tone. Kimya. Tone.

Inspekta Laker aliisikia sauti hiyo kabla hajainama kupita chini ya utepe wa polisi. Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala ambako nyundo huamka kabla ya jua na mtu hupaza sauti hata akiomba chumvi, asubuhi hiyo ilikuwa imenyamaza. Kitu kimoja tu kilisema: tone, kisha tone, juu ya bati.

Akaingia. Ilikuwa rangi. Rangi ya kijani ilidondoka kutoka kwenye paa la karakana, polepole, kama mvua iliyosahau kwamba imekwisha.

Chini ya matone hayo alilala Josias, fundi wa kupuliza rangi, kipande cha chuma kikiwa kifuani mwake. Kope zake zilikuwa za kijani. Nyuma yake lilisimama lango la chuma: nusu limepakwa, nusu bado la kijivu.

"Tangi la kompresa limepasuka, afande," alisema Konstebo Otim. "Hewa ilizidi. Simu ya kwanza ilifika stesheni saa moja na dakika arobaini na nne. Daktari anasema alikufa papo hapo."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Mwenzake, Guerschom. Mkongo. Yeye alikuwa ametoka kununua chai."

"Bahati yake."

"Watu waliokusanyika nje hawaiiti bahati, afande."

Guerschom alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jagi la chai lilikuwa bado mkononi mwake, limepoa, na hakuna aliyethubutu kumpokonya.

Kompresa ile ilikodishwa na Kampuni ya Mvukuto, yenye ofisi Bukoto. Kila kompresa yao ilifungwa kihisi kilichopeleka kipimo cha hewa ofisini. Kipimo kikivuka kumi, ujumbe hutumwa kwenye simu ya msimamizi wa karakana, naye huzima umeme. Masharti hayo yalibandikwa ukutani. Sasa yalisomeka kwa shida chini ya kijani.

"Msimamizi ni nani?" aliuliza Laker.

"Ni mimi, mama," alisema Guerschom.

"Leo ujumbe ulikuja?"

"Hapana."

"Jana?"

"Jana ulikuja. Juzi ulikuja. Wiki tatu, kila siku. Mi nazima, inapoa, tunaendelea. Niliwaambia ofisini: valvu imekufa, leteni fundi. Wakasema atakuja. Leo simu ikanyamaza. Nikafikiri wameitengeneza kwa mbali, na kompyuta zao. Nikamwambia Josias, leo piga rangi tu, ndugu yangu, usiogope."

Otim aliinua waya kwa kalamu. "Afande, huu ni waya wa kihisi. Uko nje ya tundu lake. Ama mlipuko umeung'oa, ama mtu aliuchomoa kabla."

"Muulizeni muuaji huyu!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke mlangoni. Benedicte, mke wa Josias, alikuwa amefika kutoka nyumbani kwake Kansanga na kiatu kimoja mguuni. Askari wawili walimshika mikono.

"Wiki nzima analalamika juu ya kelele za simu! Alisema nikiwa hapa hapa: siku moja nitachomoa takataka hii. Ulisema au hukusema, shemeji?"

Guerschom alilitazama jagi.

"Nilisema."

"Basi! Na lango lile ni langu mimi. Miaka miwili mume wangu anatengeneza malango ya watu, nasubiri la kwangu. Leo ndiyo ilikuwa rangi ya mwisho!"

Tone likaanguka. Laker akamtazama Otim, na Otim akatoa pingu.

* * *

Ofisi ya Mvukuto ilikuwa na zulia laini na ubaridi wa kutengenezwa. Hakuna aliyekuwa na masizi kwenye kucha. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa skrini, na skrini yote ilikuwa Kampala: vilima, barabara, na juu yake maduara ya kijani yanayopumua taratibu, kila duara kompresa moja.

Laker aliikaribia ramani ile. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa kama kuutazama mji ukiwa umelala, ukiota kwamba hakuna mtu ndani yake anayeumia.

"Imekupendeza, Inspekta," alisema kijana aliyesimama kando. Hakuuliza, alijua. Aliitwa Sufian. Yeye ndiye aliyejenga ripoti ile ya kwenye skrini. "Kazi ya miezi minne. Rangi, ukubwa wa maduara, namna yanavyopumua, vyote ni mkono wangu. Programu inakuja na grafu za nguzo tu, kama uzio wa shule. Mimi niliipa uhai."

"Kompresa ya Katwe iliyopasuka iko wapi hapa?"

"Namba kumi na saba. Haipo." Akaelekeza kidole mahali palipokuwa patupu. "Kihisi kikichomolewa, duara hutoweka. Lilitoweka jana jioni."

"Kwa hiyo mtu wa Katwe alichomoa."

"Mimi si polisi, Inspekta. Mimi naonyesha tu kinachokuja."

Meneja, Bi Salme, mwanamke wa makamo mwenye ushungi wa rangi ya zambarau, aliketi kando huku akibonyeza vidole vyake. "Tulikuwa na wageni saa tatu asubuhi," alisema. "Wamekuja kutoka Nairobi kuiona ripoti hii. Wakaisifu sana. Nami nikawa nacheka nao, na kumbe mtu amekwisha kufa."

Otim alinong'ona: "Imekwisha, afande. Niandike kusababisha kifo kwa uzembe? Kesho asubuhi Guerschom yuko mahakamani."

"Andika. Lakini usitie sahihi yangu."

* * *

Mvua ikaanguka Bukoto, mvua ya mchana, nzito na isiyo na haraka. Otim alikwenda chumba cha pili kuchukua maelezo ya wafanyakazi. Laker aliomba kukaa mbele ya skrini.

Hakujua alichokitafuta. Aliweka mkono juu ya kipanya kama mtu anavyouweka juu ya mgongo wa paka. Alimfikiria Guerschom na jagi lake. Mtu aliyechomoa waya makusudi angekana maneno yake. Yule alikubali. *Nilisema.* Mwongo gani hujifunga mwenyewe?

Maduara yalipumua. Kijani, kijani, kijani. Kope za Josias. Macho ya Laker yakalegea, na kwa muda hakuwa ofisini tena. Alikuwa juu ya mji, mwepesi kama moshi, akishuka Katwe bila sauti. Na mkono wake, bila yeye kuuamuru, ulishuka pamoja naye. Mshale ukatua juu ya jina la mtaa ule.

Kisanduku kidogo kikafunguka.

Kilikuwa cheupe, na maandishi madogo meusi: *Katwe. Kompresa: 6. Kipimo cha juu leo: 13.8. Saa ya kipimo: 07:42.*

Laker akahesabu maduara ya Katwe kwa kidole. Matano. Akahesabu tena.

"Otim!"

Otim akaja mbio.

"Hesabu maduara haya."

"Matano, afande."

"Soma kisanduku."

Otim akasoma, midomo ikitembea. Akainua kichwa taratibu. "Saa moja na dakika arobaini na mbili. Dakika mbili kabla ya ile simu."

"Kihisi kilichochomolewa jana jioni kinawezaje kusema asubuhi hii?"

Bi Salme aliitwa. Alikitazama kisanduku, uso ukamshuka.

"Hiki ni kidokezo," alisema. "Ukiweka mshale juu ya mtaa, kinakupa muhtasari wake. Sufian alikitengeneza siku za mwanzo kabisa, katika ukurasa wake wa pembeni." Akapunguza sauti. "Ukurasa ule haufuati vichujio vya ramani. Mtu akificha kitu kwenye ramani, kidokezo hakijui. Kinaendelea kuhesabu vyote."

"Nani anaweza kuficha?"

Bi Salme alifungua orodha ya mabadiliko ya ripoti. Mstari wa juu ulikuwa wa jana, saa kumi na mbili jioni: *Kichujio kimeongezwa. Kompresa 17: ondoa.* Jina lililofuata halikuhitaji kusomwa kwa sauti.

* * *

Sufian aliletwa. Alikuwa bado ameinua kidevu.

"Keti," alisema Laker.

"Nitasimama."

"Jana saa kumi na mbili jioni ulifanya nini?"

"Nilipanga ripoti. Ndiyo kazi yangu."

"Ukaondoa nini?"

"Inspekta, ripoti hupangwa kila siku. Huwezi kuelewa."

"Basi nieleweshe. Weka mshale juu ya Katwe."

Akacheka kidogo. Akaweka mshale. Kisanduku kikafunguka, na kile kicheko kikabaki usoni mwake peke yake, bila mwenyewe.

"Nilikisahau," alisema.

"Ulikisahau kidokezo. Na Josias?"

Akaketi.

Mvua ilikuwa imepungua. Aliposema, alisema akiutazama mji wake wa kijani, si Laker.

"Wiki tatu duara lile lilikuwa jekundu. Moja tu, katikati ya yote. Bi Salme akapita hapa akacheka mbele ya ofisi nzima: Sufian, ramani yako ina surua. Wote wakacheka. Kila asubuhi mtu ananiuliza, surua imepona? Na wageni wanakuja."

Bi Salme akafunika mdomo.

"Nikasema kihisi ni kibovu. Nikasema nitalificha mpaka wageni waondoke, kisha nilirudishe. Nilitaka iwe nzuri asubuhi moja. Asubuhi moja tu."

"Ujumbe wa hatari hutumwa kutoka wapi?"

Sufian akaitazama ramani.

"Sufian. Hutumwa kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye ramani. Duara likiwa jekundu, ujumbe unakwenda."

"Na duara lisipokuwepo?"

"Hauendi."

"Ulijua hivyo jana?"

"Mimi ndiye niliyeiunda kanuni hiyo. Nilijua."

"Na uliposikia mtu amekufa?"

"Nikaogopa kulirudisha. Lingetokea hapo, jekundu, kila mtu aulize lilikuwa wapi. Mkaja mkasema waya. Nikajiambia, labda kweli alichomoa. Nikajiambia, wataona hana kosa, watamwachia."

"Kesho angesimama kizimbani kwa ajili ya rangi yako."

Sufian akainama. "Liwasheni," alisema. "Nawaomba. Ondoeni kichujio."

Bi Salme akabonyeza. Katikati ya Katwe duara likatokea, jekundu, likiwa limeganda kwenye 13.8, halipumui. Ofisi nzima ilisimama kulitazama. Hakuna aliyecheka.

Otim akamfunga pingu.

* * *

Jioni Laker mwenyewe alifungua mahabusu.

"Waya uling'olewa na mlipuko," alimwambia Guerschom. "Ujumbe ulizuiwa ofisini. Nenda nyumbani."

Guerschom hakusimama mara moja. "Lakini ni mimi nilimwambia asiogope, mama."

"Ulimwambia ulichoambiwa na simu."

Hakwenda nyumbani. Alitembea mpaka karakana, na Laker akamfuata kwa mbali kidogo, kwa sababu alijua ni nani aliyekuwa huko.

Benedicte alikuwa amekaa chini mbele ya lango lake, mgongo kwenye nusu ya kijivu. Matone yalikuwa yamekoma. Alimwona Guerschom, akainua uso. Otim alikuwa amekwisha kumweleza yote.

"Shemeji," alisema. "Nilikuita muuaji mbele ya watu."

"Ulifiwa."

"Hata hivyo nilikuita."

Guerschom aliliendea lango. Akapitisha kiganja pale rangi ilipokomea, kwenye ukingo ambao mkono wa Josias ulikuwa bado haujaufikia. Kisha akainama, akatafuta kwenye vifaa vilivyotawanyika mpaka akapata brashi moja nzima.

"Bila kompresa," alisema, kwa sauti ambayo hata Laker aliisikia kutoka barabarani. "Kwa mkono, Benedicte, mpaka nusu hii ifanane na yake. Halafu nitalibeba mpaka Kansanga na kulisimamisha mlangoni pako. Nakuahidi."