Kamba Iliyojikaza Yenyewe

Dobi alianika shuka la mwisho, kisha akaigonga kamba kwa kidole. Ikalia kama uzi wa gitaa.

"Baba watoto, leo nakupa heko!" alimwambia mumewe, aliyekuwa akinoa patasi mlangoni. "Siku zote kamba hii inalegea, nguo zinafagia chini. Umeikaza lini?"

"Mimi? Nilidhani ni wewe."

"Basi imejikaza yenyewe," alicheka mama mkwe. Alikuwa ameketi juani kando ya nguzo ya kamba, akichambua maharage. Nyuma yake lilikuwa shimo ambamo mwanawe alichimba mawe ya kuuza.

Mara afisa wa mazingira akapiga hodi. Alitaka kuona kibali cha kuchimba.

"Kibali cha nini, dada?" mume aliuliza. "Shamba la baba, mawe ya baba, jasho langu!"

"Shamba ni lako, kaka. Lakini kabla ya kuchimba ni lazima tupime. Ardhi itahimili? Nyumba ziko mbali? Shimo litafukiwa na nani?"

Akiwa anasema, aliigusa kamba. Aliitazama ilivyofungwa ukutani mwa nyumba, kisha nguzoni kando ya shimo. Uso ukambadilika.

"Nani ameikaza?"

"Hakuna," alijibu Dobi.

"Basi nguzo inasogea kuelekea shimoni. Ardhi inameguka! Bibi, inuka, uje huku."

"Na maharage yangu?"

"Mama, yaache!" Dobi alimshika mkono, akamvuta.

Kamba ikakatika, pa! Nguzo, kiti, ungo na mashuka meupe vikatoweka shimoni. Vumbi likatanda. Dobi alisimama kinywa wazi, bado ameushika mkono wa mama mkwe.

Mumewe akakaa chini. "Nilikuwa nakata mawe chini ya pale," alinong'ona. "Nusura nimchimbie mama yangu mwenyewe kaburi."

"Ndiyo maana kuna sheria," afisa alisema taratibu. "Ukuta wa shimo hukatwa kwa ngazi, kutoka juu kwenda chini, mbali na makazi. Haukatwi kwa chini, juu pakabaki hewani."

Walihamia kwa jirani mpaka shimo lilipofukiwa na kupandwa miti. Mume aliomba kibali. Sasa anachimba mlimani, mahali palipopimwa, ngazi kwa ngazi.

Dobi alifunga kamba mpya. Ikalegea, mashuka yakafagia chini.

"Nikukazie?" mumewe aliuliza.

"Thubutu!" alisema Dobi. "Iache ilegee."