Nani Kapika?

Jagi lilimponyoka, povu lote likaishia kwenye shati jeupe la fundi saa.

"Pole, kaka'angu!" alisema binti mwenye kilemba cha manjano.

"Pole siitaki, nipe namba."

"Kwanza kafue!"

Ukumbi ulijaa hadi ngazini, Mzee Povu anazindua kitabu chake cha historia ya bia. Mzee huyo hakugusa glasi maishani bila kuuliza kwanza, "Nani kapika?" Bia ina mama yake, aliandika, na mama hutajwa. Siku hiyo aliuliza, na binti wa kilemba akainua mkono. Mzee akamwinamia, mvi zikakaribia meza.

Namba ilitolewa, nyie! Mapenzi yakanoga.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekushiba wewe."

"Muongo, tumbo linanguruma nalisikia huku!"

Mpaka siku binti alipomfuma fundi akiongea na mama yake mzazi kwenye simu, mama asiyetaka hata harufu ya pombe. "Mchumba wangu ni mpishi, mama. Anapika keki."

"Keki?" binti aliuliza, machozi yanamlenga. "Basi kaoe keki." Simu zake hakupokea tena.

Kisha Mzee Povu akafa.

Siku ya kumuaga, ukumbi ni uleule, watu mara mbili. Bia aliyoipika binti ilimiminwa, lakini hakuna aliyethubutu kunywa. Mjane akasimama, gauni la kijani, sauti nyembamba.

"Muulizaji hayupo. Tuulize sisi."

"NANI KAPIKA?"

Mamia ya vinywa kwa pamoja! Vioo vya madirisha vilitetemeka, vinyweleo vikatusimama. Binti alitaka kuinua mkono, ukamgomea. Kazi yake ilikanwa na fundi, aliyempenda kuliko wote.

"Mchumba wangu kapika!" Fundi saa alikuwa mlangoni, simu juu, spika imefunguliwa. "Mama, unasikia? Anapika pombe. Keki nilikudanganya."

"Nasikia, sijaziba masikio," simu ikajibu. "Nilijua. Keki gani hiyo nisiyoletewa hata kipande? Mpe mkwe wangu simu."

Binti akaipokea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pombe sinywi. Harusini nitacheza."

Mjane akainama kama alivyoinama mumewe, na ukumbi mzima ukainama naye, safu kwa safu. Fundi akainama kuliko wote, hakuinuka.

Binti akamgusa bega.

"Inuka, fundi. Ila keki ya harusi utapika wewe."